Chupa ya Mafuta ya Cherehani Inayovuja: Mwongozo Kamili kwa Washona Mifarishi

Malalamiko ni yale yale. Mfuniko umekazwa mpaka vidole vinauma, na asubuhi chupa inakutwa imeloa, droo imeloa, na kipande cha kitenge kilichokuwa jirani kimeloa pia. Basi inakazwa tena, safari hii kwa koleo. Mfuniko unapasuka, na sasa inavuja maradufu.

Kukaza hakusaidii kwa sababu mara nyingi mfuniko hauna kosa. Anayesukuma mafuta nje ni hewa iliyofungiwa ndani ya chupa. Ikipata joto inatanuka, na ikitanuka inatafuta upenyo. Mafuta ya cherehani nayo ni mepesi sana, yanapita mahali ambapo maji yasingepita. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuujua upenyo uko wapi. Kuziba kunafuata baadaye.

Anayeshona mfarishi ana sababu ya kujali kuliko fundi wa sare. Sare ina tabaka moja: doa linafuliwa, linaisha. Mfarishi una kitambaa cha juu cha vipande, pamba ya katikati na kitambaa cha chini. Tone likiangukia juu linazama kwenye pamba, linatambaa pembeni, na wiki ya pili linajitokeza mahali pengine kabisa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile laini isiyo na gundi inayozungushwa kwenye maungio ya mabomba. Upana wa milimita 12 unatosha.
- Pini tatu za kushonea zenye kichwa, za chuma kisichoshika kutu.
- Glavu moja ya nitraili, zile za bluu wanazovaa wahudumu wa maabara. Glavu nyeupe za mpira wa kawaida hazifai kwa kazi hii, sababu iko Hatua ya 3.
- Poda ya mtoto au unga wa mahindi laini, ule wa kukolezea supu.
- Karatasi ya kaki: bahasha au mfuko wa dukani.
- Spiriti ya hospitali na pamba kidogo.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Chupa ndogo ya mililita 20 hadi 30 yenye mdomo wa sindano ya chuma iliyo butu, aina inayouzwa kwa kutilia gundi au mafuta.
- Chupa ya kioo ya jamu, yenye mdomo mpana na mfuniko wake.
- Vitambaa chakavu vyeupe vya pamba, vingi. Vyeupe, kwa sababu kwenye cheupe utaliona tone. Kwenye kitenge halionekani.
- Kalamu ya wino usiofutika.

Usiandae njiti ya kiberiti wala kijiti cha meno. Ndivyo vizibo vinavyotumiwa na karibu kila mtu, na ndivyo vinavyoharibu. Mti una vinyweleo. Mafuta yanapanda ndani yake kama yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, kisha yanadondoka upande wa pili. Ukiziba kwa njiti umeipa chupa utambi.

## Hatua ya 1: Itoe chupa mahali ilipo

Vyerehani vya meza vina droo, na droo nyingi ni fupi kuliko urefu wa chupa iliyosimama. Chupa inalazwa. Vya kubebeka navyo vina kisanduku kwenye kitako cha kuwekea vifaa, na humo pia chupa inalala. Chupa iliyolala ina mafuta mdomoni saa zote, kwa hiyo chochote kitakachosukumwa nje kitakuwa mafuta. Ikisimama, kinachotoka ni hewa.

Itoe, ifute, isimamishe ndani ya chupa ya jamu. Kisha toa vitambaa vyote vilivyokuwa humo, kimoja kimoja, uvielekeze dirishani. Sehemu yenye mafuta hupitisha mwanga kuliko nyingine. Vilivyoguswa viweke pembeni uende navyo moja kwa moja Hatua ya 7 kabla hujagusa pasi.

Droo ya mbao usiifute tu ukairudisha kazini. Mbao imekunywa mafuta na itayarudisha kwa kitambaa kwa wiki kadhaa. Nyunyiza unga wa mahindi unene wa nusu sentimita, uache usiku kucha, ufagie, rudia ikiwa unga umebadilika rangi. Osha kwa sabuni ya vyombo, anika, kisha tandika karatasi ya kaki chini.

Umefaulu ikiwa karatasi hiyo haina alama baada ya siku 2.

## Hatua ya 2: Tafuta inapovujia

Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo sababu wanarudia kazi. Chupa ina sehemu 4 za kuvujia: nchani (penye tundu la kutolea tone); kwenye shina la mdomo (pale mdomo mrefu ulipopachikwa kwenye shingo); kwenye hesi (ile mistari ya kuzungushia mfuniko); na mwilini, hasa kwenye mshono wa kitako, ambapo plastiki iliunganishwa kiwandani.

1. Osha chupa kwa nje kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mfuniko ukiwa umefungwa. Kausha. Pitisha pamba yenye spiriti shingoni, kitakoni na kuzunguka mdomo. Mafuta ya zamani yakibaki yatakudanganya.

2. Paka poda nyembamba chupa nzima kwa brashi au kwa kitambaa kikavu. Fanya hivyo mbali na cherehani. Poda ikiingia kwenye shato, ile sehemu ya chini inayobeba bobini, inachanganyika na mafuta na kuwa kama ugali mwembamba.

3. Laza chupa juu ya karatasi ya kaki mahali penye joto la kawaida la mchana, kwa muda wa saa 12 au zaidi. Usiiweke juani wala karibu na jiko. Unataka ivuje kama ilivyozoea.

4. Isome. Poda iliyoguswa na mafuta inakuwa kijivu na kung'aa. Fuata mstari wa kijivu kuelekea juu mpaka unapoanzia. Mahali mstari unapoanzia ndipo penye upenyo. Mahali tone lilipoangukia hapana maana.

Angalia jambo moja: mstari ukianzia chini ya mfuniko, fungua mfuniko uone kama hesi zimeloa zote au upande mmoja. Zikiwa zimeloa upande mmoja tu, mfuniko ulizungushwa ukiwa umepinda na umekula hesi. Mfuniko wa namna hiyo hauna dawa. Ruka mpaka Hatua ya 4.

Umefaulu ikiwa unaweza kuweka kidole mahali pamoja na kusema ni hapa.

## Hatua ya 3: Ziba kulingana na mahali

### Nchani

Chupa nyingi huja na ncha iliyozibwa, mnunuzi aikate mwenyewe. Watu wanachukua mkasi wa kitambaa na kukata sentimita nzima. Mdomo una umbo la koni, kwa hiyo kila milimita unayoshuka tundu linapanuka, na kijifuniko chekundu cha nchani hakishiki tena.

Kwa chupa mpya, usikate. Toboa ncha kwa sindano ya cherehani namba 16, ambayo ina unene wa milimita moja. Tundu la hapo linatoa tone dogo linalotosha.

Kwa chupa iliyokwisha kukatwa, tengeneza kizibo cha pini. Chukua pini, zungushia tepu nyeupe karibu na kichwa, mizunguko 4 au 5, ukiivuta kidogo ili inyooke na kushika. Bana kwa vidole mpaka iwe koni ndogo. Ingiza pini tunduni, sukuma mpaka koni ikae. Pini inajaza tundu, tepu inafunga ukingo. Tepu hii haili mafuta wala hailiwi nayo.

Onyo: pini ihesabiwe. Kichwa chake ukifunge kitambaa kidogo chekundu au ushanga, kisianguke sakafuni bila kuonekana. Na kabla ya kubonyeza chupa, hakikisha pini iko nje.

### Shingoni, kwenye hesi

Futa hesi za shingo na za ndani ya mfuniko kwa spiriti, zikauke kabisa. Tepu haishiki juu ya mafuta.

Elekeza mdomo wa chupa usoni kwako. Zungusha tepu kwa upande inakoelekea mishale ya saa, mizunguko 3, ukiivuta mpaka mistari ya hesi ionekane chini yake. Ukizungusha kinyume, mfuniko utaikunjua tepu unapofunga na kuisukuma yote juu kama soksi iliyolegea. Huu ndio upande unaokosewa mara nyingi.

Kisha chungulia ndani ya mfuniko. Panatakiwa kuwe na kisahani chembamba cha plastiki laini au karatasi ngumu, kinachokaa juu ya ukingo wa chupa. Kikiwa kimepotea au kimepasuka, kata kipya kutoka kwenye glavu ya nitraili: kunja glavu mara mbili, weka mfuniko juu, chora, kata. Kama mdomo mrefu unapita katikati ya mfuniko, kata tundu la katikati uwe na pete.

Kwa nini nitraili? Mpira wa kawaida hufyonza mafuta ya madini, unavimba na kulainika kama mkate uliolowekwa chai. Kipande cha tyubu ya baiskeli, mpira wa puto na glavu nyeupe vyote vinakaa vizuri siku ya kwanza, baada ya wiki chache vinateleza kutoka mahali pake. Nitraili inastahimili.

Funga kwa vidole viwili mpaka ikatae, ongeza robo mzunguko, acha. Hesi za plastiki zikilazimishwa zinarukiana, na mfuniko unakaa upande.

### Kwenye shina la mdomo

Hapa mdomo umebanwa tu shingoni. Ung'oe kwa kuuzungusha polepole huku ukiuvuta, chupa ikiwa imesimama ndani ya chupa ya jamu. Futa pande zote mbili kwa spiriti. Zungushia mzunguko mmoja au miwili ya tepu, rudisha, sukuma mpaka usikie umekaa. Ukihitaji zaidi ya mizunguko 3, shingo imetanuka na utaing'oa tena kesho.

Usitumie gundi ya kukausha haraka. Plastiki ya chupa hizi haishikani nayo. Inakauka kama ganda, halafu inabanduka nzima.

### Mwilini au kitakoni

Usizibe. Tepu ya kubandika, gundi, nta, plastiki ya kuyeyusha kwa moto: zote zinashindwa kwa sababu ukuta wenyewe umechoka. Hamisha mafuta leo.

Umefaulu Hatua ya 3 ukirudia jaribio la poda na karatasi ya kaki, chupa imelala saa 12, na karatasi ikabaki kavu. Si ikiwa imesimama. Chupa mbovu ikisimama nayo haivuji.

## Hatua ya 4: Gawa mafuta, chupa ya akiba na chupa ya kazi

Hata kama umefaulu kuziba, usiendelee kuweka chupa kubwa mezani. Chupa ya mililita 100 ina matone yasiyopungua 2,000. Unapofanya kazi unahitaji matone 5 au 6. Hakuna sababu ya matone 1,994 kukaa karibu na mfarishi uliokula miezi mitatu ya jioni zako.

Chagua chupa ya kazi kwa kuangalia pembetatu iliyo kitakoni. Namba 2 ni plastiki ngumu kidogo, yenye ukungu, inayobonyezeka, inafaa. Namba 1 ni ile ang'avu ya maji ya kunywa. Inahimili mafuta lakini ikibonyezwa inapiga kelele na kubaki na makunyanzi. Namba 4 ni laini sana, na mafuta ya madini huilainisha na kupenya polepole ukutani: chupa inanata hata kama haina tundu. Wengi wanaolalamika kwamba chupa "inatoka jasho" wanayo namba 4.

Kuhamisha:

1. Chupa mpya ioshwe, isuuzwe, ikaushwe siku nzima ikiwa wazi. Maji yakibaki ndani, tone la kwanza utakaloweka kwenye shato litapeleka maji ya kuleta kutu.
2. Isimamishe ndani ya kikombe juu ya karatasi ya kaki.
3. Angalia mafuta ya zamani kwenye mwanga. Yanatakiwa yawe meupe kama maji, au ya manjano hafifu sana. Yakiwa ya rangi ya chai au yananata vidoleni, usihamishe. Yatapaka kitambaa rangi na kukwamisha cherehani.
4. Tia mililita 20 kwenye chupa ya 30. Usijaze mpaka juu: mafuta yenyewe hutanuka kidogo kwenye joto na chupa iliyojaa haina pa kuyaweka.
5. Andika kwa kalamu: MAFUTA YA CHEREHANI, SI DAWA, pamoja na mwezi na mwaka.

Maonyo mawili yasiyo na mjadala. Usitumie kichupa cha dawa ya macho, hata kama kinatoa tone zuri. Siku moja mtu atakitumia kwa kazi yake ya asili. Na usitumie chupa ya soda wala ya maji. Mafuta mepesi namna hii yakimezwa na mtoto yanaweza kuingia mapafuni. Ikitokea, usimtapishe, mpeleke hospitali na chupa yenyewe.

Bomba la sindano la duka la dawa linafaa kwa kuhamisha na kupima, halifai kwa kuhifadhi. Mpira wa ndani unavimba na bomba linakwama.

## Hatua ya 5: Hifadhi, na hewa inavyofanya kazi

Hapa panahitaji hesabu kidogo, kwa sababu ukiielewa hutarudia kuilaza chupa.

Chukua chupa ya mililita 100 iliyobaki nusu. Ndani mna mililita 50 za hewa. Chumba cha bati alfajiri kina nyuzi 20. Saa nane mchana kina 35. Kwa tofauti hiyo hewa inataka kukua kwa asilimia 5 hivi, yaani mililita 2.5. Chupa ikiwa imelala na ina upenyo, mafuta ya karibu kiasi hicho yanasukumwa nje. Ni zaidi ya matone 50. Usiku hewa inasinyaa, chupa inavuta hewa mpya ndani, na kesho mchana inasukuma tena. Chupa inapumua, na kila pumzi inakugharimu.

Ndiyo maana chupa iliyojaa ilikuwa haivuji ulipoinunua, ikaanza kuvuja ilipofika nusu. Hakuna kilichoharibika. Hewa imeongezeka tu.

Kwa hiyo:

- Kunja kitambaa cheupe cha pamba, kiweke chini ya chupa ya jamu. Simamisha chupa ya mafuta juu yake, jaza kitambaa kingine pembeni isiegemee. Funga mfuniko.
- Iweke chini kuliko vitambaa. Rafu ya chini au sakafuni kwenye kona. Mafuta hayapandi rafu.
- Mbali na dirisha, jiko na pasi.
- Kitambaa cha chini kikague kila mwezi. Ndicho mlinzi wako. Kikiwa na doa, rudi Hatua ya 2.

### Ukisafiri na chupa

Anayetoka pwani kupanda bara ana tatizo la pili. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na Mbeya ni karibu hivyo hivyo. Hewa ya nje huko ni nyepesi. Chupa iliyofungwa Mombasa ikiwa na mililita 50 za hewa, ikifika Nairobi hewa hiyo inataka nafasi ya mililita 61. Nyongeza ni vijiko viwili vya chai, na kama chupa imelala ndani ya begi la vitambaa, vijiko hivyo vyote vinaweza kuwa mafuta.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kuondoka, fungua ncha chupa ikiwa imesimama, bonyeza mwili mpaka mafuta yakaribie mdomoni, na ukiwa bado umebonyeza, ziba. Chupa itabaki imebonyea. Njiani itajivimbisha yenyewe na kuwa na nafasi. Ukifika, ifungue imesimama, kitambaa kikiwa kimefunika ncha. Ukiwa unashuka kwenda pwani huna shida hiyo. Chupa itakunjamana tu.

## Hatua ya 6: Tia mafuta bila kumwaga

Mara nyingine chupa inasingiziwa. Doa limetoka kwenye cherehani kilichotiwa mafuta kupita kiasi, hasa kwenye mhimili wa sindano, ambako tone la ziada linateremka mpaka kwenye sindano na kutoka na uzi.

Kwanza soma kitabu cha cherehani chako. Vipo vya kisasa ambavyo mwenyewe hatakiwi kutia mafuta, au anatakiwa kutia sehemu moja tu. Vile vyeusi vya chuma, kama Butterfly na Singer za kukanyaga, vina matundu mengi na yote yanataka tone.

1. Toa sindano, bobini na kesi yake. Brashi manyoya yote ya pamba. Mfarishi unamwaga manyoya kuliko kitambaa kingine, na mafuta juu ya manyoya yanakuwa tope. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu.
2. Shika kitambaa cheupe chini ya ncha muda wote, kabla hujainamisha chupa mpaka umeisimamisha tena. Tone la kuharibu huwa ni la mwisho, lile linaloning'inia nchani baada ya kumaliza.
3. Bonyeza kidogo chupa ikiwa imesimama, iinamishe, acha tone moja litoke, iachie ivute hewa, isimamishe. Ukiiinamisha kwanza ndipo ubonyeze, utapata matone matatu.
4. Tone moja kwenye njia ya shato. Tone moja kila tundu. Visahani vya kukaza uzi, mkanda na mota visiguswe. Uzi ukiteleza kwenye visahani vyenye mafuta mshono unalegea. Mkanda wenye mafuta unateleza kwenye gurudumu.
5. Zungusha gurudumu kwa mkono mara 10. Futa mhimili wa sindano na bamba.
6. Shona kwenye kitambaa cheupe kisicho na kazi, dakika 5, kwa kasi unayotumia kwenye mfarishi. Kisha teremsha mguu juu ya kitambaa kilichokunjwa, acha usiku kucha.

Kwa kushona kwa mkono huru, yaani kwa cherehani huku ukiusogeza mfarishi mwenyewe, meno yakiwa yameshushwa, shato linakimbia sana. Tone kila baada ya bobini 2 au 3 ni utaratibu mzuri kwa vyerehani vinavyokubali mafuta hapo. Kwa mshono wa kawaida, kila saa 8 za kazi.

Umefaulu ikiwa mita ya mwisho ya kitambaa cheupe haina hata nukta, na sauti ya cherehani imeshuka.

Mafuta yakiisha usitafute mbadala jikoni. Ya kupikia yanakauka na kunata. Ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo cherehani cha Tanga kitazunguka mchana na kukwama Lushoto usiku. Ya injini yana viungo vya kusafishia injini na yanaacha doa jeusi.

## Hatua ya 7: Doa likishaingia kwenye mfarishi

Mambo matatu kabla ya yote: usipige pasi, usimwagie maji, usisugue. Pasi inalipikisha doa. Maji yanazuia unga kunyonya. Kusugua kunasukuma mafuta kwenye pamba.

1. Weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi chini ya mfarishi na nyingine juu ya doa. Gandamiza kwa kiganja, hesabu mpaka 30, badilisha karatasi. Endelea mpaka karatasi zitoke kavu.
2. Mwaga unga wa mahindi au poda juu na chini, unene wa sentimita moja, upana uzidi doa kwa vidole vitatu kila upande. Acha saa 8 hadi 12. Fagia kwa brashi laini. Rudia mara ya pili, hata kama unaona limekwisha. Mara ya pili inatoa yaliyo kwenye pamba.
3. Jaribu rangi. Kitenge chekundu au cha buluu nzito kinaweza kuchuja. Lowesha kitambaa cheupe, kibane kwenye kona ya mfarishi dakika moja. Kikitoka na rangi, ishia kwenye unga, usiende kwenye sabuni.
4. Rangi ikiwa imetulia, tia sabuni ya vyombo bila maji, matone machache yanayofunika doa. Dakika 15. Gonga kwa mswaki laini kutoka ukingoni kuelekea katikati.
5. Suuza kwa maji ya vuguvugu kupitia upande wa chini, mafuta yatoke yalikoingilia. Kandamiza kwa taulo, usikamue.
6. Anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Doa la mafuta halionekani kwenye kitambaa kibichi.

Mfarishi wenye ujazo wa poliesta unahitaji kurudia namba 4 na 5 za hapo juu mara mbili au tatu, kwa sababu poliesta inang'ang'ania mafuta kuliko pamba. Ukiona doa limehama badala ya kupungua, mafuta bado yako katikati: rudi kwenye unga, pande zote mbili, ukiweka kitabu kizito juu.

Umefaulu ikiwa, siku 3 baada ya kukauka, ukiuelekeza mfarishi dirishani huoni sehemu inayopitisha mwanga kuliko jirani yake. Hapo ndipo pasi inaruhusiwa.

Doa lililokwisha kupigwa pasi ni gumu, na sabuni ikigoma mara tatu usiendelee kuchakaza kitambaa. Fumua kipande hicho peke yake, angalia pamba chini yake, ikate iliyoloa kwa mduara, shikiza pamba safi ya unene ule ule kwa mishono mirefu ya mkono, kisha shonea kipande kipya juu. Kiache kizidi robo inchi kila upande kwa ajili ya kukunja, na ukifue kwanza kabla ya kukishona, kisije kikasinyaa peke yake ndani ya mfarishi uliokwisha kufuliwa.